Nesi Aliyemtania Mzee Kastori

Mtu mmoja alikuwa na baba, na baba huyo alikuwa anakufa; au ndivyo mtu huyo alivyodhani, na dhana yake nusura iwe kweli. Kaeni vizuri. Mfano huu si mrefu, ila una meno, na ukikuuma usiseme hukuonywa.

Mtu mwenyewe aliitwa Osmundi Mbano, fundi wa malumalu katika jiji la Dar es Salaam. Fundi kwelikweli, tusimnyime sifa yake. Sakafu aliyoilaza Osmundi, ungemwaga maji katikati yangesimama yakiulizana yaende wapi. Baba yake, Mzee Kastori Mbano, alibaki kijijini Ungoni akilima mahindi. Krismasi tatu mfululizo mzee alimsubiri mwanawe, na Krismasi zote tatu mwanawe alituma salamu. Harusi ya dada yake hakwenda. Ubatizo wa mpwa wake wa kwanza hakwenda. Kazi nyingi, wateja wasumbufu, mambo ya mjini nyie mnayajua kuliko mimi. Halafu dada yake akampigia simu: Baba amelazwa hospitali ya misheni, ana uvimbe kwenye utumbo, na mimi nimejifungua juzi, siwezi kukaa naye. Njoo. Kumbe njia ya kwenda kwao ilikuwepo siku zote. Alfajiri ya pili yake Osmundi alikuwa ndani ya basi, na juu ya magoti alikunja koti jeusi. Nani alimwambia achukue koti jeusi? Hakuna. Hofu ndiyo iliyompangia begi.

Alifika Jumamosi. Daktari wa zamu alimweleza bila kuzunguka. Uvimbe unatolewa, si jambo geni. Damu mzee ameshaongezwa, dawa anapata. Tatizo ni nguvu. Daktari bingwa wa upasuaji anakuja Alhamisi, na huja mara moja tu kwa mwezi, na hapasui mtu asiyeweza hata kukaa mwenyewe kitandani. Basi mzee ale, anywe, akae. Alhamisi akikutwa vile alivyo, atarukwa mpaka mwezi ujao.

"Na mwezi ujao?" Osmundi akauliza.

Daktari akatazama viatu vyake. Siku tano, basi. Kati ya mtu na kaburi palikuwa na siku tano na kikombe cha uji.

Osmundi alitoka nje kutafuta mtandao. Simu ilishika vizuri mahali pamoja tu, pembeni ya ukuta wa wodi ya wanaume. Watu wengine wakiogopa husali. Fundi akiogopa hupima. Akampigia fundi mwenzake mjini. "Mikidadi," alisema, "niwekee zile malumalu nyeupe zenye mishipa ya kijivu, boksi sita. Za kaburi. Mzee hana siku nyingi." Alipokwisha kusema alijisikia ahueni kidogo, maana sasa kulikuwa na kitu kimoja chenye urefu na upana katika jambo lisilo na vipimo. Dirisha juu ya kichwa chake lilikuwa wazi. Kitanda cha Mzee Kastori kilikuwa chini ya dirisha hilo.

Jioni hiyo kengele ya kuona wagonjwa ilipolia, Osmundi aliingia na supu ya kuku wa kienyeji kwenye chupa ya chai. Mzee alimtazama, akalitazama koti, akageukia ukutani. "Baba, kunywa kidogo tu," Osmundi alisema, na sauti ikamkatika katikati. Mzee hakunywa. Osmundi alikaa pale saa nzima na kijiko mkononi, supu ikitengeneza utando wa mafuta, machozi yakimchuruzika mpaka kidevuni. Ungepita hapo mlangoni ungetoa pole ya msiba.

Jumapili asubuhi akaingia zamu nesi mmoja aliyeitwa Atanasia Kalinga. Mwanamke wa makamo, mnene kiasi, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kumwita mwenzake ng'ambo ya bonde. Alishika faili la kitanda cha dirishani, akasoma jina, akalirudisha.

"Mbano? Mngoni? Yesu na Maria! Nilisikia wodi hii ina panya, kumbe na mla panya keshafika."

Nesi alikuwa Mhehe wa Iringa. Wangoni na Wahehe ni watani. Babu zao walichinjana, wakachoka, wakapatana, na tangu hapo silaha iliyobaki kati yao ni mdomo. Hilo Osmundi alilijua. Lakini alilijua nusu, na nusu ya jambo ndiyo inayoua watu. Asiyejua kabisa huuliza. Alipokuwa mtoto babu yake alifariki, na watani wa Kihehe wakaja msibani. Mmoja akavaa kanzu ya marehemu na kutembea kwa fimbo yake, akikohoa kama yeye, mpaka wafiwa wakacheka na kamasi puani. Mwingine akajilaza kaburini, akasema hazikwi mtu hapa mpaka apewe kuku. Baada ya hapo Osmundi alikulia mjini. Picha aliyobaki nayo kichwani ilikuwa moja tu: mtani wa Kihehe huja mtu akishakufa.

Kwa hiyo kengele ilipolia wageni watoke, na Osmundi akawa barazani, na kupitia mlangoni akamsikia yule nesi akisema, "We Mngoni, ukifa leo redio yako yangu, na jembe langu, nimetangulia kusema wasije watani wenu Wapogoro wakadai," alijitupa kwenye benchi. Hakusikia utani. Alisikia mtu anayegawa mali ya marehemu. Akajiambia: huyu mwanamke ameona mengi, anajua nani anabaki na nani anaondoka, na baba yangu ameshamweka upande wa wanaoondoka. Ameanza matanga mapema.

Mchana aliporudi, kikombe cha hospitali kilikuwa kikavu juu ya kabati. Wamemwaga, aliwaza, amekataa na huu uji wao, wakamwaga. Akamimina supu yake. Mzee akafunga mdomo, akafunga na macho. Miguuni pa kitanda palining'inizwa karatasi ambamo manesi huandika kila kinachoingia na kinachotoka kwa mgonjwa. Osmundi hakuisoma. Aliiogopa kama barua ya mahakama.

Jumatatu ikawa hivyohivyo. Saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri, nyakati za uji na dawa, wageni wakiwa nje, sauti ya Nesi Atanasia ilivuma kama ya mnadani. Mara babu zake Mzee Kastori walikimbia vita mpaka wakasahau ngao. Mara Mngoni haaminiki na mboga ya mtu. Osmundi barazani alitazama sakafu. Malumalu za baraza ile zilikuwa zimelazwa vibaya, moja imeinuka, nyingine imezama, na yeye alizihesabu kutoka mlango mpaka mlango, akipotea anaanza upya. Usingizi hakuupata. Kila nesi alipotoka wodini haraka, yeye aliinuka akingojea kuitwa.

Jumanne jioni aliingia, akamkuta mzee ana kitu mdomoni, si tabasamu kamili, ni kama alama ya mahali lilipopita. Mtu mwingine angeshukuru. Osmundi alikwisha kusikia kwamba wanaokaribia kuaga hupata nafuu ya ghafla. Alimwangalia baba yake akitabasamu, akaona anaaga.

Hakuuliza. Jamani, hakuuliza! Mtu anayeweza kugonga kigae kimoja kwa kidole akakwambia chini yake kuna uwazi, alishindwa kumgonga nesi bega na kusema, Dada, mbona unamtania mgonjwa wangu? Alikwenda moja kwa moja kwa matroni, akaomba karatasi, akaandika kwa herufi kubwa: NESI KALINGA ANAMFANYIA BABA YANGU MATANGA ANGALI HAI.

Matroni, mama mwenye miwani na maneno machache, aliisoma mara mbili. "Umezungumza naye?"

"Sina cha kuzungumza naye."

"Ukiweka sahihi, hamgusi tena mgonjwa wako mpaka kamati ikae. Kamati inakaa Jumatatu. Ni taratibu, siwezi kuipinda kwa sababu yako wala yake."

Osmundi akaweka sahihi. Alitoka ofisini akijiona mwana aliyemlinda baba yake.

Jumatano asubuhi nesi alikuwa mwingine, binti mpole kama maziwa. Alimfunika mzee shuka mpaka shingoni. Alisema, "Pole babu. Jikaze babu. Kidogo tu babu." Mzee Kastori aliangalia huku na huku kwenye wodi, mara ya kwanza, mara ya pili, kama mtu aliyefika kwenye kilabu akakuta hakuna hata mmoja wa wenzake. Halafu akageukia ukuta. Uji wa saa tatu ulipoa. Saa sita na nusu Osmundi alipoingia, yule binti alikuwa amesimama miguuni pa kitanda na ile karatasi mkononi, uso umemkunjamana.

"Kaka, jana kimetokea nini?" aliuliza. "Jumapili alikunywa nusu kikombe. Jumatatu vikombe viwili. Jana vikombe vitatu na yai, na imeandikwa hapa alikaa mwenyewe robo saa. Leo tangu asubuhi hata tone. Nimembembeleza mpaka nimechoka."

Osmundi aliichukua karatasi. Maandishi yalikuwa ya Nesi Atanasia, makubwa, ya kulalia upande. Alisoma mstari kwa mstari mpaka kwenye sahihi ya jana saa tisa, na chini ya hapo palikuwa peupe. Akamtazama baba yake. Bega lile lililoelekea ukutani lilikuwa jembamba kuliko jana. Daktari bingwa alikuwa anakuja kesho saa mbili.

Alikimbia. Mtu mzima, na koti lake jeusi, alikimbia katikati ya hospitali mpaka watu wakampisha wakidhani keshafiwa. Alimkuta Nesi Atanasia wodi ya watoto, amemning'iniza kichanga kwenye mizani, kichanga kinapiga kelele, yeye anasoma uzito.

"Ohoo," alisema bila kugeuka vizuri, "Mngoni mdogo. Umeleta karatasi nyingine, au ile moja imetosha?"

Halafu akageuka, akauona uso wake. Akamtoa mtoto kwenye mizani, akamrudisha kwa mama yake, akamvuta Osmundi pembeni kwenye dirisha.

"Amekataa?"

"Tangu asubuhi. Dada, mimi sikujua. Mimi nilidhani… wale wa msibani kwa babu…"

"Wa msibani ni sisi," akasema nesi. "Msibani tunamtania maiti ili mliobaki mcheke na mle. Wodini tunamtania mgonjwa ili naye acheke na ale. Wewe umeona kazi moja ukadhani ndiyo yote."

"Lakini kwangu anakataa hata supu. Kwa nini anakataa kwangu?"

Nesi Atanasia alisita. Mzee alikuwa amemwapisha asimwambie mtu yeyote kwamba Mngoni mzima anakunywa uji kwa amri ya Mhehe. Hilo angelitunza. Lakini kulikuwa na jingine, na hili lilikuwa zito, na siku ilikuwa inakwenda.

"Jumapili nilimuuliza kwa nini hali. Akaniambia: mwanangu hakuja Krismasi, hakuja harusi, sasa amekuja na koti jeusi. Halafu nimemsikia hapo dirishani anaagiza malumalu za kaburi langu, boksi sita. Sasa nile ili iweje, nimcheleweshe fundi?"

Nesi alimtazama usoni, na safari hii hapakuwa na utani hata chembe.

"Mimi nilikuwa namwita baba yako arudi. Wewe ndiye uliyekuwa unamsindikiza."

Mnaolipenda neno kali, hilo hapo. Lakini msidhani neno lilimaliza kazi. Osmundi alirudi mbio kwa matroni kuifuta karatasi yake, na matroni akamwambia karatasi imeshapelekwa kwa mganga mfawidhi, imegongwa muhuri, haiwezi kufutwa mpaka kamati. Nesi Kalinga hawezi kumgusa mgonjwa wa kitanda kile. Akimgusa, kazi hana. Osmundi alisimama mbele ya meza ile akalia, na machozi yake, kama kawaida yake, hayakusaidia kitu. Mlango tulioufunga kwa kalamu haufunguki kwa kilio.

Matroni alivua miwani, akaifuta kwa pindo la gauni, taratibu sana. Kisha akasema, kama anayezungumza na ile miwani, kwamba taratibu zinamkataza nesi, hazimkatazi ndugu, na mtani ni ndugu. Saa ya jioni ya kuona wagonjwa ni saa kumi. Zamu ya wodi ya watoto inaisha saa tisa na nusu. Anayeingia saa kumi bila sare, amekunja mikono, hakugusa dawa wala mgonjwa, yeye matroni hamjui ni nani.

Osmundi alimpelekea nesi maneno hayo wodi ya watoto, kisha kuanzia saa saba mpaka saa kumi hakukaa. Alitembea barazani, kichwani akijibizana na kila kilichoweza kwenda mrama. Nesi hatakuja, kwa nini aje? Mtu gani mwenye akili angeiweka rehani kazi yake kwa mtu aliyemshitaki jana tu? Au atakuja, na mzee atakuwa amelala. Au atakuwa macho, lakini ameshakwenda mbali mno mahali ambapo sauti haifiki. Mara mbili alichungulia dirishani kuhakikisha shuka linapanda na kushuka. Mara ya pili halikupanda upesi, na yeye pia akaacha kupumua mpaka lilipopanda.

Kengele ililia. Wageni waliingia na vyungu na vikapu vyao. Nesi Atanasia hakuwemo. Osmundi alikaa pembeni ya kitanda, kikombe cha uji kikipoa mkononi mwake. Dakika kumi. Robo saa. Mzee hakugeuka.

Halafu mlangoni pakasimama mwanamke mwenye kitenge cha kijani na kilemba, mikono ameifunga mgongoni kama mfungwa. Hakukaribia kitanda. Alisimama hatua tatu, akasalimia Kihehe kwa ile sauti yake ya ng'ambo ya bonde, wodi nzima ikanyamaza.

"Kamwene, Mngoni! Nasikia umemfukuza Mhehe kwa karatasi. Babu zako angalau walishika mkuki!"

Hakuna kilichotikisika. Osmundi aliona sikio la baba yake, na ule mshipa mwembamba chini ya sikio. Alihesabu. Moja. Mbili. Tatu. Nne.

"Si mimi," ukutani pakasema sauti kavu, ya chini. "Ni huyu mjinga wa Dar es Salaam."

"Ndiyo kizazi chenu hicho! Zamani vita porini, siku hizi vita ofisini. Na muhuri juu!"

Mzee Kastori aligeuka. Ilimchukua muda, kiwiko kikitafuta pa kushika, na Osmundi akataka kumsaidia, na nesi akamkataza kwa macho. Aligeuka mwenyewe. "Na nyie Wahehe," alisema akihema, "mbwa wote wa Iringa wanabweka kwa hofu, hawajui nani ataliwa leo."

Wodi ikalipuka kicheko. Mgonjwa wa kitanda cha pili alijishika mshono. Mzee mwenyewe alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kikamtikisa vibaya hata Osmundi akaruka kuita daktari.

"Kaa chini!" nesi alimfokea. "Mtu anacheka, wewe unaita daktari. Mpe uji. Mimi mikono yangu imefungwa na wewe mwenyewe, kwa hiyo kijiko chako, mdomo wangu. Wewe mzee, funua kinywa. Mwenye njaa hasimulii vita, na mimi leo nataka nisikie nani alikimbia."

Osmundi alichota. Kijiko kilijaa mno, nusu ikaangukia shuka.

"Shika vizuri," mzee akasema, "unalisha mtu, hupaki saruji."

Akameza. Kijiko cha pili akameza. Kati ya kijiko na kijiko alitukanwa, akatukana, akapigana tena vita vya babu zake vyote tangu mwanzo, na kila aliposhindwa kujibu alikunywa ili apate nguvu ya kujibu. Kikombe kikaisha. Cha pili kikafika nusu. Ndipo mzee alipomtazama mwanawe, akauliza polepole, na safari hii hakuwa anacheza:

"Na zile malumalu?"

Hilo nesi asingeweza kumjibia. Osmundi aliweka kikombe chini. Alilivua koti jeusi, akaliacha sakafuni, akatoka nje mpaka kwenye ule ukuta, chini ya lile dirisha, akapiga simu. Hakunong'ona. Mpaka watu wa lango la hospitali walisikia. "Mikidadi! Zile za kaburi, futa! Nimesema futa! Nataka za sebule, rangi ya maziwa, nyumba ya mzee wangu haina sakafu, mimi fundi gani?" Na sauti ilipomtetemeka akaikaza, kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi.

Ndani, Mzee Kastori alikunywa nusu iliyobaki.

Alhamisi saa mbili daktari bingwa alipopita, alimkuta amekaa, miguu inaning'inia, anamwambia mgonjwa wa pili habari za ngao. Daktari alimpima, akasoma karatasi, akaangalia lile pengo la Jumatano na vikombe viwili vya jioni vilivyoandikwa na yule binti mpole. Kisha akasema, "Huyu aandaliwe." Mzee alikaa chumba cha upasuaji kwa muda wa saa nne. Osmundi barazani hakupima wala hakuhesabu chochote. Alikaa tu na hofu yake, wawili hao kwenye benchi moja. Nesi Atanasia alipita mara tatu akienda na kurudi wodi ya watoto, na mara zote tatu hakumpa pole. Alimwuliza kama Wangoni wa Dar es Salaam nao wanakula panya, au wanasubiri wa kukaanga. Mara ya tatu Osmundi alimjibu.

Mzee alitoka hai, na utumbo wake umepungua kipande. Lakini Jumatatu kamati ilikaa, na ingawa Osmundi alisimama akasema kosa ni lake, karatasi ilikuwa karatasi. Nesi Kalinga alipewa barua ya onyo kwa kutumia lugha isiyofaa kwa mgonjwa, na barua hiyo ikabaki kwenye faili lake. Osmundi alirudi mara mbili kuomba iondolewe. Haikuondolewa. Ndivyo mambo yalivyo: deni la mwenye hofu mara nyingi hulipwa na mwenye huruma.

Basi nyie mnaojisifu kwa machozi ya karibu, mnaonunua vitenge vya matanga daktari hajamaliza hata kusema, nawauliza moja tu, na jibu mkajipe wenyewe njiani: ukifika kitandani kwa mzazi wako, uso wako unamwambia kesho ipo, au unamwambia imekwisha?